Omu 10 au omu 150? Balbu za vifaranga na vipimo viwili vinavyogombana

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Luanda, kaunti ya Vihiga. Analea vifaranga 200 kwenye bruda (kizimba cha kuwapa vifaranga joto) yenye balbu nne za wati 100, zile za zamani zenye uzi ndani. Banda liko mita 60 kutoka nyumba kubwa, na stima imepelekwa huko kwa waya wa 1.5, yaani unene wa milimita za mraba 1.5. Anaandika hivi, nimefupisha kidogo:

"Mchana nilipima soketi ya nyumbani nikapata volti 246. Usiku nikaazima klampu mita (ile inayobana waya na kusoma ampea), nikapima bruda kule bandani nikapata ampea 1.64. Nimegawanya nikapata omu 150, nimezidisha nikapata wati 403. Fundi wangu naye alichomoa plagi ya bruda, akagusisha maltimita kwenye pini zake, akapata omu 10. Anasema kwa omu 10 bruda inavuta ampea 24, karibu kilowati 6, kwa hivyo ninunue waya wa 4 na braka ya ampea 32. Hizo ni pesa nyingi. Nani amekosea? Halafu, mbona pampu yangu imeandikwa kilowati 0.75, lakini nikizidisha volti 240 kwa ampea 5.2 napata wati 1,248?"

Mama, nianze na la hatari. Braka ya 32 isifungwe kwenye huo waya. Kazi ya braka ni kulinda waya usipate moto, na waya wa 1.5 hulindwa na braka ya ampea 10, au 16 ukizidi sana. Ukiweka ya 32 kisha siku moja waya ukavuta ampea 25 kwa sababu ya hitilafu, braka itatulia tu huku plastiki ya waya ikiyeyuka. Na hilo ni banda lenye maranda makavu sakafuni. Iache braka ya ampea 10 uliyo nayo. Waya wa 4 nao huuhitaji, na nitakuonyesha sababu.

Sasa hesabu. Ukigawanya volti kwa ampea unapata omu, yaani ukinzani. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani nguvu. Hayo mnayajua nyote wawili na mmeyafanya sawasawa: 246 ukigawanya kwa 1.64 ni 150 kamili, na 240 ukigawanya kwa 10 ni 24. Lakini kanuni hii ina sharti ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Volti na ampea lazima ziwe za kifaa kilekile, mahali palepale, kwa wakati mmoja, kifaa kikiwa kazini. Wewe volti zako ni za mchana nyumbani, ampea ni za usiku bandani. Fundi yeye hakupima ampea kabisa. Alipima omu za balbu zilizolala, akazichukulia kuwa ndizo omu za balbu zinazowaka.

Tuangalie balbu moja kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo fumbo lote lilipo. Ndani yake kuna uzi wa tungsteni uliosokotwa, mwembamba kuliko unywele. Ukiwa baridi, balbu ya wati 100 hupima karibu omu 40. Balbu nne zikifungwa sambamba, kila moja ikipata volti zote, kama zilivyo kwenye bruda yako, ukinzani wa zote pamoja ni robo ya hapo, yaani omu 10. Fundi wako alisoma namba ya kweli. Lakini ukiwasha swichi, uzi ule hupanda hadi nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi kabla hujamaliza kupepesa jicho, na tungsteni, kama metali nyingi, hukinza zaidi kadiri inavyopata joto. Balbu ya wati 100 kwa volti 240 huvuta ampea 0.417 tu ikishawaka, na 240 ukigawanya kwa 0.417 ni omu 576. Uzi uleule umetoka omu 40 ukafika 576, zaidi ya mara kumi na nne. Robo ya 576 ni 144, na hapo ndipo bruda yako inapoishi inapofanya kazi.

Mwambie fundi ajaribu hivi, atafurahi. Awashe bruda dakika tano, azime, achomoe plagi, kisha upesi aguse pini kwa maltimita iliyokwisha kuwekwa kwenye omu. Namba itaanza juu kisha ishuke mbele ya macho yake hadi itulie karibu na 10. Huo ni uzi unaopoa. Asiguse balbu zenyewe, zinaunguza. Na kipimo cha omu kisifanywe kamwe kwenye kitu chenye stima: maltimita hutumia betri yake ndogo kupima ukinzani, na volti 240 zikiingia hapo utapoteza mita, pengine na vidole.

Zile ampea 24 za fundi nazo hazikutoka hewani. Zipo kweli, ila kwa muda mfupi mno, ule wa kuwasha, kabla uzi haujapata joto. Ndiyo maana balbu hizi hufa zaidi unapobonyeza swichi kuliko zikiwa zimewaka saa nyingi. Braka haisumbuliwi na pigo hilo. Braka ya ampea 10 ya aina B huruka papo hapo mkondo ukifika kati ya mara 3 na mara 5 ya namba yake, yaani ampea 30 hadi 50, na mkondo mdogo zaidi ya hapo inauvumilia kwa muda. Ampea 24 za kufumba na kufumbua zinapita salama.

Baada ya kusoma barua yako nilikuomba upime tena, safari hii kila kitu kwa wakati mmoja, bruda ikiwaka. Ukaniletea: nyumbani volti 236, bandani kwenye soketi ya bruda volti 234, mkondo ampea 1.64. Hizo ndizo namba za kuaminika. Gawanya 234 kwa 1.64, unapata omu 142.7. Zidisha, unapata wati 384. Kwa saa 24 ni yuniti (kilowati-saa) 9.2 za tokeni kila siku, na bei ya yuniti unaijua. Ile hesabu yako ya kwanza ya wati 403 ilizidi kwa wati 19, na kosa lote lilitoka kwenye volti 246 za mchana. Mchana watu wako shambani na sokoni, volti zinapanda. Jioni kila nyumba inawasha, zinashuka. Mtandao wa vijijini Vihiga na Siaya huyumba hivyo kila siku, kwa hiyo volti ulizopima saa nane mchana si mali ya saa mbili usiku.

Usione haya kwa hilo. Georg Ohm mwenyewe, mwalimu wa shule kule Cologne, alihangaika na jambo hilohilo. Betri za zama zake zilikuwa zikichoka katikati ya kipimo, volti zinashuka, namba zinakataa kupangika. Mwaka 1826 aliziacha, akatumia metali mbili zilizounganishwa, shaba na bismuthi, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Chanzo hicho kilikuwa dhaifu lakini hakiyumbi. Ndipo namba zikatii, na mwaka 1827 akachapisha kanuni tunayoitumia mimi na wewe leo. Chanzo kilipotulia ndipo kanuni ikaonekana.

Neno juu ya hiyo klampu mita, kwa kuwa najua wengi watakaosoma hapa watajaribu. Ukiibana kwenye waya mzima wa kifaa, wenye nyaya zote mbili ndani, itasoma sifuri. Mkondo unaoenda na unaorudi hufutana. Lazima ubane waya mmoja peke yake. Vijana ninaowafundisha hapa Kisumu, karibu na Kibuye, nawatengenezea ekstensheni fupi ya nusu mita: tunachuna ganda la nje tu sehemu ya katikati, nyaya za ndani zinabaki na plastiki zake salama bila hata mkwaruzo, kisha unabana ule wa kahawia. Na kwa mkondo mdogo kama wako, zungusha waya huo mmoja mara tano kwenye taya la klampu, halafu gawanya jibu kwa tano. Mita za bei nafuu hubahatisha chini ya ampea 2. Ukizungusha mara tano itasoma 8.2, na hapo inaona vizuri.

Asiye na klampu asijaribu kupima ampea kwa kutia ncha za maltimita kwenye matundu ya soketi. Maltimita ikiwa kwenye ampea ni kama kipande cha waya mtupu. Utakuwa umeunganisha moto na nyutro mkononi mwako. Nimeona mtu aliyefanya hivyo Ahero. Ncha za chuma ziliyeyuka na nyusi zake zikaungua.

Turudi kwenye waya wako wa mita 60. Ulipima 236 nyumbani na 234 bandani. Hizo volti 2 zimeenda wapi? Zimebaki njiani. Waya wa shaba wa 1.5 una ukinzani wa karibu omu 12.1 kwa kila kilomita. Stima inaenda mita 60 na kurudi mita 60, kwa hiyo ni mita 120, na omu 12.1 mara 0.12 ni omu 1.45. Zidisha kwa ampea 1.64 unapata volti 2.4. Mita yako ambayo haionyeshi desimali ilikusomea 2. Hesabu na kipimo vimekutana, na hiyo ndiyo furaha ya kazi hii.

Nguvu inayopotea kwenye waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 1.64 mara 1.64 mara 1.45, karibu wati 4. Wati 4 kati ya 384 hazistahili kukununulia waya wa 4. Lakini uliuliza pembeni kama unaweza kuchemshia maji bandani kwa birika la kilowati 2. Hapo mambo yanabadilika, nami nataka uone kwa nini.

Birika la wati 2,000 kwa volti 240 lina omu 28.8. Uzi wake ni wa nikromu, ambayo haibadiliki sana kwa joto, kwa hiyo omu zake za baridi na za moto zinakaribiana. Kwa birika, pasi au koili ya kupikia, kipimo cha fundi wako cha maltimita kingekuwa kizuri kabisa. Sasa weka birika hilo mwisho wa waya wako. Nyumbani kukiwa na volti 240 kamili, stima inakutana na omu 1.45 za waya na 28.8 za birika, jumla 30.25. Mkondo ni ampea 7.93. Waya unakula volti 11.5, birika linapata 228.5. Nguvu inayofika kwenye maji ni wati 1,811 badala ya 2,000, na waya wenyewe unapata joto la wati 91. Mkondo umeongezeka chini ya mara 5 kuliko wa bruda, lakini hasara imeruka kutoka wati 4 hadi 91. Joto huenda na mraba wa mkondo. James Joule wa Manchester aliligundua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1840. Ndiyo sababu pia stima ya bwawa la Turkwel huletwa kituo cha Lessos kwa volti 220,000: nguvu ileile, mkondo mdogo, hasara ndogo njiani.

Kwa hiyo birika unaweza kulitumia kwa dakika chache, waya utavumilia na braka haitaruka, maana birika na bruda pamoja hazifiki ampea 10. Usiongeze kitu cha tatu. Na kama waya huo umefungwa rundo, ukunjue wote, kwa sababu ukiwa rundo joto halina pa kwenda. Ukiamua siku moja kuweka mashine kubwa bandani, hapo ndipo tuzungumze waya wa 4.

Kuna jambo ambalo hukuuliza lakini litakufaa, na kwangu ndilo tamu zaidi kwa balbu zenye uzi. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wengi hupunguza kwa kuzima balbu moja moja, na vifaranga wote hujazana chini ya zile zilizobaki. Njia nyingine ni kufunga balbu mbili mbili kwa mfululizo, stima ipite moja kisha nyingine, kila moja ipate volti 120. Mwanafunzi atapiga hesabu hivi: omu 576 na 576 ni 1,152, kwa hiyo ampea 0.208, kila balbu wati 25. Nimelipima mara nyingi, na halitoki hivyo. Mita husoma karibu ampea 0.28, na kila balbu hutoa wati 34 hivi. Kwa volti nusu uzi hauwi moto sana, ukinzani wake unashuka hadi karibu omu 425, na mkondo unapita kwa urahisi kuliko ulivyotazamia. Mwanga unakuwa wa rangi ya chungwa, kama makaa yaliyotulia. Balbu nne kwa mpango huo zinatoa wati kama 136, joto limetawanyika bruda nzima, na balbu zinadumu muda mrefu ajabu. Ila zikiwa mbili mbili, moja ikikatika na mwenzake inazima. Kagua kabla ya kulala. Na kazi ya kuzifunga upya afanye fundi, plagi ikiwa nje ya soketi.

Sasa pampu. Hapa kanuni ya kuzidisha inataka rafiki wa tatu. Balbu na birika hutumia kila ampea inayoingia kutengeneza joto. Mota ya pampu yako ina koili za sumaku, na sumaku hiyo huchukua sehemu ya mkondo, ikaurudisha, ikauchukua tena, mara 100 kwa sekunde kwa stima yetu ya hezi 50. Klampu inauhesabu mkondo huo wote, lakini sehemu inayokwenda na kurudi haifanyi kazi wala hulipii kwenye tokeni. Kwa hiyo 1,248 yako si wati bado. Inaitwa volti-ampea, na ili iwe wati lazima uizidishe kwa ile mafundi wanaiita pawa fakta, ambayo kwa pampu ndogo huwa mara nyingi kati ya 0.7 na 0.9.

Yako unaweza kuijua bila kununua chombo chochote. Nenda kwenye mita ya tokeni. Kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu nacho pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kila mpepeso ni sehemu ya elfu ya yuniti. Soma namba ya mita yako mwenyewe, kwa sababu nyingine zimeandikwa 1600. Zima kila kitu nyumbani, friji pia, acha pampu peke yake ikivuta maji. Hesabu mipepeso 10 kwa saa ya simu, ukianza kuhesabu sekunde kwenye mpepeso wa sifuri. Ulinijibu kwamba mita yako ni ya 1000 na kwamba ilichukua sekunde 35. Mpepeso mmoja kwa mita hiyo ni jouli 3,600, kumi ni 36,000, gawanya kwa 35: wati 1,029. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli pampu inayokula. Ukigawanya kwa 1,248 unapata pawa fakta ya karibu 0.82.

Na ile kilowati 0.75 iliyoandikwa kwenye kibao? Hiyo ni kazi inayotoka kwenye shafti, nguvu ya farasi mmoja kwa lugha ya wauzaji. Wati 1,029 zinaingia, 750 zinatoka zikizungusha maji, zilizobaki zinakuwa joto, na ndiyo maana mwili wa pampu unawaka ukiugusa. Inatumia vizuri asilimia 73 hivi, ambayo kwa mota ndogo ni sawa. Pampu yako ni nzima. Lakini usigawanye 240 kwa 5.2 ukasema umepata ukinzani wa waya wake. Hizo omu 46 zimechanganya sumaku, mzunguko na kazi ya maji. Ukizima na kupima koili zenyewe kwa maltimita utapata omu chache sana, na mtu asiyejua atadhani imeungua.

Jambo la mwisho la pampu ni kinyume cha balbu. Volti zikishuka, balbu inapunguza mkondo na kufifia. Pampu inajaribu kuinua maji yaleyale, kwa hiyo inavuta mkondo zaidi, na koili zinapata moto. Chomeka maltimita, ikiwa imewekwa kwenye volti, kwenye soketi ya jirani yake jioni wakati inavuta. Ikisoma chini ya 216, ambayo ni asilimia 10 pungufu ya 240, zima, jaza tangi baada ya saa nne usiku majirani wakishazima majiko yao.